Stendi ya plaiwudi ya tangi la samaki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Natengeneza stendi hizi Uyole, Mbeya, na maswali haya huletwa karakanani karibu kila wiki, mengine kwa simu kutoka Iringa, Njombe na Tukuyu. Nimeyapanga kuanzia ya mwanzo hadi yale ya mtu mmoja mmoja. Vipimo vingi vinahusu tangi la sentimita 120 kwa 40 kwa 50, kwa sababu ndilo linaloagizwa zaidi.

## Kabla ya kushika msumeno

1. Tangi langu likijaa litakuwa na uzito gani?

Mkubwa kuliko unavyodhani. Lita moja ya maji ni kilo moja. Kioo cha milimita 10 kina kilo 25 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo tangi tupu la 120 × 40 × 50 lina takriban kilo 52. Ongeza kokoto za sentimita tano chini, mawe machache, na maji ambayo hayafiki ukingoni kabisa: unakaribia kilo 300. Hiyo ni mifuko sita ya saruji, imepangwa juu ya meza sebuleni, na haitaondoka usiku kucha wala mwaka mzima.

Njia ya mkato: zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, gawanya kwa 1,000 upate lita, kisha zidisha kwa 1.3. Utapata kilo za kupangia kazi.

2. Nina kabati zuri la TV. Si linatosha?

Kwa tangi dogo la lita 20, sawa. Zaidi ya hapo, hapana. Makabati mengi ya TV yana kipande chembamba kilichopigiliwa nyuma kwa pini ndogo, na TV ya siku hizi haifiki hata kilo 20. Kabati halitapasuka siku ya kwanza. Litaanza kubonyea katikati taratibu, na kioo hakijui kubonyea.

3. Kwa nini plaiwudi, na si mbao za mbili kwa nne au chuma?

Zote zinafaa. Chuma ni kizuri ukimpata mchomeleaji anayejua kuweka fremu sawa. Wengi huchomelea kona moja hadi mwisho kabla ya kugusa nyingine, moto unavuta chuma, fremu inapinda. Mbao za paini tunazo tele huku, ila nyingi zinauzwa zikiwa bado mbichi, na mbao mbichi ikikauka ndani ya nyumba hujikunja. Plaiwudi imegundishwa tabaka kwa tabaka, kila moja ikikatiza nyuzi za mwenzake, kwa hiyo haivimbi wala kusinyaa sana, na ubao mpana wake peke yake ni ukuta. Huo ukuta ndio ninaoutaka (swali la 11).

4. Stendi iwe na kimo gani?

Sentimita 70 hadi 80 kama unatazama ukiwa umekaa kwenye kochi. Ukiipandisha zaidi, mkono hautafika chini ya tangi siku ya kusafisha.

## Kuchagua bodi

5. Milimita ngapi?

18. Kwa mgongo unaweza kutumia 12 kama fedha imebana. Usishuke hapo.

6. Nitajuaje plaiwudi nzuri? Nasikia za Mafinga ni bora, wengine wanasema ni mbaya.

Mafinga kuna viwanda vingi kwa sababu msitu wa Sao Hill uko hapo hapo wilayani Mufindi, na wengi wetu huku tunatumia bodi za paini na mikaratusi zinazotoka huko. Kuna nzuri sana na kuna takataka, wakati mwingine kwenye duka moja. Usinunue kwa jina la mji. Nunua kwa macho.

Itazame bodi ukingoni. Tabaka ziwe nyingi na zenye unene unaolingana. Ukiona tundu ambalo tabaka la ndani halikufika, hapo skrubu yako itaingia hewani. Kisha inua upande mmoja, funga jicho, tazama ukingo kama unavyotazama mshale: bodi iliyojipinda kama kiatu cha mvua iache hapo hapo, hata kama muuzaji anakuapia kwamba "ukiipiga skrubu itanyooka". Itanyooka, na itakuwa inavuta kurudi kila siku ya maisha yake.

Kuhusu gundi, omba kipande cha makombo ukakichemshe nyumbani. Ndiyo, kwenye sufuria. Kichemshe saa tatu au nne, kiache kipoe, kikaushe, kisha jaribu kukibandua kwa kisu. Kikiachia kama kurasa za daftari, gundi yake ni ya ndani tu, haitaki maji. Kumbuka kwamba Mbeya tuko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na maji yanachemka karibu nyuzi 94, ndiyo maana maharage yetu ni ya kuvumilia. Kipande nacho kiongezee muda.

7. Ile plaiwudi ya kahawia ya kumwagia zege, "marini", inafaa?

Inafaa, na gundi yake kwa kawaida inastahimili maji. Ina matatizo mawili. Uso wake unateleza, kwa hiyo gundi ya mbao haishiki pale unapogundisha juu yake. Lazima uukwangue kwa msasa mkali hadi uone mbao. Na ile iliyokwisha kutumika kwenye jengo, hata ukipewa bure, huwa na matone ya saruji na matundu ya misumari. Achana nayo.

8. MDF au chipubodi, zile bodi za nyuzi na chembe za mbao zilizogandamizwa?

Hapana. Tone moja la maji chini ya kona, linavimba kama mkate kwenye chai.

9. Mbao zilizotiwa dawa, zile za kijani, naweza kuzichanganya?

Kwa miguu ya nje, sawa, mradi zimekauka na umezipaka vanishi. Dawa ya kijani kwa kawaida ina shaba, na shaba kwenye maji ni sumu kwa samaki, tena kwa konokono na kamba wa tangini ni mbaya zaidi. Kwa hiyo isiwe mahali ambapo maji yanadondoka na kurudi tangini. Makombo yake usichome jikoni. Moshi wake si wa kuvuta.

## Kukata na kuunga

10. Nipe vipimo vya tangi la 120 × 40 × 50.

Kwa plaiwudi ya milimita 18, stendi yenye kimo cha sentimita 75:

- Uso wa juu: 122 × 42, kipande kimoja
- Mbavu: 42 × 73.2, viwili
- Mgongo: 118.4 × 73.2, kimoja, unakaa katikati ya mbavu
- Sakafu ya ndani: 118.4 × 40.2, kimoja
- Kigawanyo cha kati: 40.2 × 63.4, kimoja
- Kitako cha mbele: 118.4 × 8, kimoja
- Kitako cha kati, chini ya kigawanyo: 38.4 × 8, kimoja
- Mikanda ya mbele juu: 58.3 × 10, miwili, kila upande wa kigawanyo

Watu hujumlisha eneo na kufurahi: mita za mraba 2.97, na bodi ya futi nne kwa nane ina 2.98. Msumeno nao unakula, na vipande havipangiki hivyo. Nunua bodi mbili. Masalio yatakuwa milango. Pima bodi zenyewe kwanza, maana nyingine hupungua kidogo.

Nyuzi za uso zisimame wima kwenye mbavu na kigawanyo, na zilale kwa urefu kwenye uso wa juu. Kitako cha kati usikisahau. Bila hicho, kigawanyo kinasukuma sakafu ya ndani ambayo chini yake hakuna kitu, na tangi nzima inaning'inia kwenye ubao mmoja.

11. Mgongo ni lazima? Fundi wangu anasema unaziba tu mabomba.

Ni lazima. Hili ningekujibu hata kama hukuuliza.

Plaiwudi ya milimita 18 iliyosimama wima haitapondwa na kilo 300. Ungeweza kuipakia mara kadhaa. Stendi haianguki kwa kupondwa. Inaanguka kwa kulala upande. Chukua boksi la viatu, toa mfuniko na chini yake, lisimamishe, lisukume kwa kidole: linakuwa msambamba na kulala. Rudisha chini yake, sukuma tena. Mgongo ndio "chini ya boksi" ya stendi yako.

Niliwahi kuufahamu mgongo kwa njia mbaya. Stendi yangu ya kwanza niliiacha wazi nyuma ili mabomba ya chujio yapite vizuri, nikaweka vijiti viwili tu vya kukatiza. Siku ya tatu baada ya kujaza, nilifungua mlango wa sebule kwa nguvu na nikaona maji yanacheza. Uso wa maji ulikuwa ukienda kushoto na kulia, taratibu, kama chai kwenye basi. Niliweka kiganja ubavuni nikasukuma kidogo, na stendi ikanifuata. Nilitoa maji kwa ndoo hadi saa sita usiku.

Mabomba yana dawa yake: toboa matundu ya duara ya sentimita tano, sentimita kumi au zaidi kutoka kona, mawili au matatu. Usikate dirisha la mstatili kubwa, na usikate kona. Kona ndizo zinazofanya kazi.

12. Misumari au skrubu?

Skrubu na gundi pamoja. Kazi kubwa inafanywa na gundi. Skrubu inashika vipande hadi gundi ikauke. Tumia za milimita 4 × 50, kila sentimita 15, na utoboe kwanza kwa kekee ya milimita 3. Ukipiga skrubu ukingoni mwa plaiwudi bila kutoboa, tabaka zinafunguka kama kitabu. Msumari unaingia vizuri tu, na unatoka vizuri vilevile.

13. Nimegundisha jioni, asubuhi bado ni laini. Gundi mbovu?

Huenda ni baridi. Juni na Julai usiku Mbeya na Njombe hushuka chini ya nyuzi 10, na gundi nyeupe ya mbao haipendi hilo. Ikikaukia kwenye baridi kali hubaki nyeupe kama chaki badala ya kuwa angavu, na kiungo hicho ni dhaifu, kibandue urudie. Gundisha saa tano asubuhi, lete kazi ndani, iache siku nzima kabla ya kuigusa.

14. Nitajuaje kwamba stendi iko mraba na haijasokotwa?

Mraba: pima kwa futi kutoka kona hadi kona ya mkabala, kisha ulalo mwingine. Vipimo vikilingana, uko mraba. Fanya hivyo kabla gundi haijashika, si baada.

Kusokotwa: funga nyuzi mbili zinazokatizana juu ya uso, kona kwa kona, zivutwe. Katikati ziguse kidogo tu. Geuza, ya chini iwe juu, uangalie tena. Nyuzi zikiachana au kubanana, kona moja imepanda. Kioo kinastahimili uzito mkubwa kikikaa sawa, ila hakivumilii kukunjwa. Tangi linalopasuka mara nyingi hukutwa kona moja ilikuwa ikibeba peke yake.

## Vanishi, unyevu na wadudu

15. Nipake nini, na mara ngapi?

Vanishi ya mafuta, mikono mitatu, msasa mwembamba katikati. Kingo za plaiwudi zinakunywa. Zipe mikono minne au mitano. Paka pia uso wa juu ambao hautaonekana, na chini ya kitako, kwa sababu maji ya kudekia sakafu huingilia hapo. Ndani, kwenye maungio ya sakafu, pitisha silikoni.

Tukuyu, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na miezi ya baridi popote huku, vanishi hukauka juu ikabaki laini ndani. Pima kwa kucha mahali pasipoonekana. Usiweke tangi hadi harufu iishe.

16. Mchwa na bungua?

Mchwa hupanda kutoka chini, kwa hiyo kitako kilichopakwa vizuri na kukaguliwa kila mwezi kinatosha kwenye sakafu ya saruji isiyo na nyufa. Bungua huja ndani ya bodi yenyewe. Ukiona vitundu vya duara na unga laini kama wa muhogo, bodi hiyo isiingie nyumbani. Dawa ya wadudu usipulize kamwe ndani ya chumba chenye samaki; kama lazima, ipakwe kwenye mbao kabla ya vanishi, wiki kadhaa mapema, nje.

## Kuweka na kujaza

17. Niweke nini kati ya tangi na stendi?

Kama tangi halina fremu ya plastiki chini, yaani kioo cha chini kinakaa chenyewe, weka foamu nyeupe ngumu ya sentimita moja au mkeka mwembamba wa mazoezi. Unameza chembe ya mchanga uliyoisahau, na huku kwetu unapunguza baridi inayopita chini. Tangi lenye fremu halihitaji. Foamu hairekebishi uso uliosokotwa. Rudi swali la 14.

18. Sakafu yangu imeinama. Nifanyeje?

Weka pima maji juu ya stendi tupu, kwa urefu na kwa upana. Kabari zinaingia chini ya stendi, kamwe si kati ya stendi na tangi. Tumia vipande vya mti mgumu au vya plastiki, vingi, ili kitako chote kibebwe. Karatasi iliyokunjwa hulowa na kuwa uji.

19. Nijaze siku hiyo hiyo?

Jaza robo, subiri saa moja, tazama pima maji. Nusu, subiri tena. Robo tatu, lala. Asubuhi malizia. Katikati ya hatua, pima kwa futi umbali wa maji kutoka ukingo wa juu kwenye kona zote nne: maji yenyewe ndiyo pima maji bora uliyo nayo. Tofauti ya milimita mbili tatu vumilia. Ikiwa inaongezeka kila hatua, toa maji.

20. Umeme ndani ya stendi?

Soketi ifungwe juu ukutani mwa stendi, kamwe si sakafuni, na kila waya ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone likifuata waya lidondoke kwenye kona ya chini. Milango iwe na matundu ya hewa juu na chini.

## Mambo ya pekee

21. Huku kuna matetemeko. Stendi itahimili?

Tuko kwenye Bonde la Ufa, swali lako si la woga. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4, na Desemba 2009 mfululizo wa matetemeko ulitikisa Karonga nchini Malawi, ng'ambo ya mpaka na Kyela. Kwa mtikisiko mdogo wa kawaida, mgongo kamili unasaidia sana. Ongeza vipande viwili vya chuma cha pembe vinavyofunga stendi ukutani kwa skrubu na plagi. Tangi lenyewe usilifunge.

22. Mtoto wangu hupanda kila kitu.

Hizo hizo pembe za chuma. Milango nayo isiwe na vishikio vya kukanyagia.

23. Ninataka mbuna wa Ziwa Nyasa, na wanataka mawe mengi. Yanabadilisha nini?

Mbuna huishi kwenye miamba, kwa hiyo ndiyo, utahitaji mawe. Jiwe la granaiti lina takriban kilo 2.6 kwa lita moja ya ujazo wake, na linachukua nafasi ya lita moja ya maji: kila lita ya jiwe inaongeza kilo 1.6. Mawe ya kilo 60 yanaongeza chini ya kilo 40 kwenye hesabu, na stendi ya swali la 10 inabeba. Hatari ni jiwe lenye ncha kukaa juu ya kioo. Mawe yakae kwanza kwenye kipande chembamba cha plastiki, mchanga ufuate baadaye, maana samaki hawa wanachimba.

24. Ghorofani, au sakafu ya mbao?

Zege la ghorofa iliyojengwa vizuri hubeba tangi la ukubwa huu. Liweke karibu na ukuta unaobeba, si katikati ya chumba. Sakafu ya mbao: stendi ikatize boriti nyingi kadiri iwezekanavyo, ikae karibu na ukuta. Ukitembea na maji yakitetemeka, hama mahali.

25. Matangi mawili, moja juu ya jingine?

Hapo naacha kusema "ndiyo" kirahisi. Tangi la juu likiwa sentimita 130 kutoka chini, nguvu ya kulaza inaongezeka kuliko uzito. Mbavu ziwe za kipande kimoja kutoka chini hadi juu, mgongo uwe wa kipande kimoja au uungwe nyuma ya uso wa kati, na ukuta ushikwe. Tangi dogo liwe juu.

26. Nahamia Kyela mwakani. Stendi itaharibika kwa joto?

Joto halina shida. Kule kuna unyevu zaidi, na mbao tupu ingevimba. Plaiwudi iliyopakwa pande zote haitakusumbua. Milango ndiyo itakayokwama kwanza, kwa hiyo iachie nafasi ya milimita tatu kila upande tangu sasa. Na siku ya kuhama toa maji yote. Mteja mmoja alijaribu kusukuma stendi "hatua mbili tu" ikiwa na maji nusu. Kitako cha mbele kilibaki mahali pake.